Kutojulikana na Kutokuwepo: Somo la Mantiki kwa Wanafunzi wa Kompyuta Mjini London

Katika vyuo vikuu vya London, mwanafunzi anayeanza shahada ya kwanza ya sayansi ya kompyuta hukutana mapema, kwa kawaida katika mwaka wa kwanza, na somo la mantiki, yaani elimu inayochunguza namna hitimisho linavyofuata, au lisivyofuata, kutokana na kauli zilizolitangulia. Aghalabu somo hilo hupokewa kwa shingo upande, kwa kuwa mwanafunzi amekuja kujifunza kuandika programu, na badala yake anapewa kalamu, karatasi na alama ambazo hazifanani na chochote alichokizoea. Mhadhara huu unalitetea somo hilo, na unalitetea kwa hoja moja mahususi: kwamba, kuliko somo jingine lolote katika mtaala wa kompyuta, humlazimisha mwanafunzi kutenganisha jambo ambalo halijathibitishwa kuwa kweli na jambo ambalo limethibitishwa kuwa si kweli. Tofauti hiyo, ambayo darasani huonekana ndogo mno, imeamua uraia na uhuru wa watu wengi nchini Uingereza, wakiwamo watu waliotoka Kenya, Uganda na Tanzania.

London ina haki ya pekee ya kulizungumzia jambo hili. Chuo kilichokuja kuitwa University College London kilifunguliwa mwaka 1828 katika mtaa wa Gower Street, kikiwa cha kwanza nchini humo kupokea wanafunzi bila kuwauliza dini yao, na profesa wake wa kwanza wa hisabati alikuwa Augustus De Morgan, kijana aliyezaliwa Madurai, India, mwaka 1806, ambaye njia yake ya kuendelea Cambridge ilizibwa na kiapo cha dini alichokataa kukila. De Morgan ndiye aliyemfundisha hisabati Ada Lovelace kuanzia mwaka 1840, mwanamke anayekumbukwa kwa maandishi yake juu ya mashine ya Charles Babbage, na mwaka 1847 alichapisha kitabu chake cha mantiki rasmi, mwaka uleule ambao George Boole alichapisha uchambuzi wake wa mantiki kwa njia ya hisabati. Kutokana na Boole, ukweli na uongo viliweza kuandikwa kama 1 na 0 na kukokotolewa. Kutokana na De Morgan, wanafunzi wa leo wamerithi kanuni mbili zinazoitwa kwa jina lake, ambazo hueleza kinachotokea pale ukanushi unapoingizwa ndani ya kauli iliyounganishwa. Mtu akikanusha kauli kwamba Asha na Juma wamefika, hajasema kwamba wote wawili hawakufika, bali amesema tu kwamba Asha hakufika au Juma hakufika, na huenda mmoja wao yumo chumbani. Makosa mengi katika programu hutokana na kusahau jambo hilo dogo.

Msemaji wa Kiswahili anaweza kuuona uzito wa nafasi ya ukanushi bila alama yoyote. Kauli kwamba si wanafunzi wote waliofaulu huacha nafasi kwa waliofaulu. Kauli kwamba hakuna mwanafunzi aliyefaulu haiachi nafasi hiyo. Na kauli kwamba wanafunzi wote hawakufaulu husikika na watu wengine kwa maana ya kwanza na wengine kwa maana ya pili. Katika mazungumzo utata wa namna hii huondolewa na muktadha, na asiyeelewa huuliza. Mashine haiulizi, na ndiyo sababu mwanafunzi hufundishwa kuandika kwa lugha ya alama ambayo ndani yake nafasi ya ukanushi, kabla au baada ya neno la idadi, haiwezi kueleweka kwa namna mbili.

Uhusiano wa London na elimu ya Afrika Mashariki si wa mbali pia. Chuo cha Makerere kiliingia katika uhusiano maalumu na Chuo Kikuu cha London mwaka 1949, na chuo kikuu kishiriki cha Dar es Salaam kilipoanza mwezi Oktoba 1961 kilianza chini ya uangalizi wa London, hivi kwamba kizazi cha kwanza cha wahitimu wa eneo hilo kilipata shahada zenye jina la jiji ambalo wengi wao hawakuwa wamelikanyaga. Tangu mwaka 2019 Chuo Kikuu cha London kimekuwa kikitoa kwa njia ya mtandao shahada ya kwanza ya sayansi ya kompyuta, chini ya uongozi wa kitaaluma wa chuo cha Goldsmiths, na kwa hiyo mtu aliyeko Mwanza au Nakuru anaweza kuisomea shahada hiyo bila viza. Kwa wale wanaoishi London na kufanya kazi mchana, chuo cha Birkbeck, ambacho chimbuko lake ni taasisi ya mafundi iliyoanzishwa mwaka 1823, kimejengwa juu ya desturi ya kufundisha jioni. Wala elimu yenyewe si ngeni kwa Waswahili, kwa maana katika mapokeo ya elimu ya Kiislamu mantiki imehesabiwa kwa karne nyingi miongoni mwa elimu za ala, yaani zile zinazosomwa ili zitumike kuzifikia elimu nyingine, na ndivyo hasa inavyosomwa katika idara za kompyuta.

Swali la haki ambalo mwanafunzi huuliza ni kwa nini mtu mwenye akili timamu afundishwe kufikiri, ilhali amekuwa akifikiri tangu utotoni. Jibu bora zaidi lilitolewa na mwanasaikolojia Peter Wason, aliyefanya kazi University College London, katika jaribio alilolieleza mwaka 1966 na ambalo limerudiwa mara nyingi tangu hapo. Mshiriki huwekewa mezani kadi nne, na huambiwa kwamba kila kadi ina herufi upande mmoja na namba upande wa pili. Pande zinazoonekana ni A, D, 4 na 7. Kisha hupewa kanuni: ikiwa upande mmoja wa kadi una irabu, basi upande wake wa pili una namba shufwa, yaani inayogawanyika kwa mbili. Anatakiwa ataje kadi zile tu ambazo lazima zigeuzwe ili ijulikane kama kanuni hiyo imevunjwa.

Watu wengi huchagua A peke yake, au A pamoja na 4. Jibu sahihi ni A na 7. Kadi yenye 4 haina haja ya kugeuzwa, kwa sababu kanuni haikusema kwamba namba shufwa lazima iambatane na irabu, kwa hiyo chochote kitakachokutwa nyuma yake hakiwezi kuivunja. Kadi yenye 7, ambayo ni witiri, ndiyo yenye hatari, kwa sababu ikikutwa na irabu nyuma yake kanuni imekwisha kuvunjika. Anayeiacha kadi ya 7 ametafuta ushahidi wa kuikubali kanuni akasahau ushahidi wa kuikataa, na kosa hilo huwapata hata wasomi. Jambo la kutafakari zaidi ni kwamba watafiti wengine walipoibadili kanuni, mwaka 1982, wakaifanya ihusu mnywaji wa bia na umri unaoruhusiwa kisheria, wengi wa washiriki walijibu vizuri: walijua mara moja kwamba wa kuchunguzwa ni anayekunywa bia na yule mwenye umri mdogo, si mzee wala mnywaji wa soda. Umbo la hoja ni lilelile. Kilichobadilika ni kwamba watu wanaijua baa na sheria zake.

Hapo ndipo ulazima wa somo unapoonekana. Binadamu hufikiri vizuri penye mambo anayoyafahamu, kwa kuwa uzoefu humkumbusha kile ambacho umbo la kauli peke yake halikumkumbusha. Kompyuta haina baa wala umri wala uzoefu wowote, ina umbo tu, na anayeiandikia maagizo hana budi kuwa na uwezo wa kuliona umbo hata pale ambapo maudhui hayamsaidii. Ndiyo maana somo huanza na mantiki ya kauli, ambamo sentensi nzima huwakilishwa kwa herufi moja na huunganishwa na nyingine kwa viunganishi vya na, au, si, na ikiwa, huku thamani ya sentensi kubwa ikipatikana kwa jedwali la ukweli, yaani orodha ya hali zote zinazowezekana. Jedwali hilo humfundisha mwanafunzi unyenyekevu mapema: kauli 10 zinahitaji mistari 1,024, na kauli 30 zinahitaji zaidi ya mistari bilioni moja, hivyo hata mashine yenye kasi huhitaji njia nyingine. Njia nyingine ni uthibitisho, ambamo kila hatua huhalalishwa na kanuni iliyotajwa, katika mtindo uliotungwa na Mjerumani Gerhard Gentzen katika miaka ya 1930. Baada ya hapo huja mantiki ya viarifu, inayoifungua sentensi ili kuonesha vitu vinavyozungumziwa, sifa zake, na maneno ya idadi kama kila na baadhi. Na mwisho hufika pale Alan Turing, mzaliwa wa Maida Vale, London, alipofika mwaka 1936 katika makala iliyochapishwa na Jumuiya ya Hisabati ya London, alipothibitisha kwamba hakuna utaratibu mmoja wa kimashine unaoweza kuamua, kwa kila kauli ya mantiki hiyo, kama inathibitika au haithibitiki.

Katika safari hiyo yote mwanafunzi hurudishwa tena na tena kwenye utengano mmoja, kati ya uhalali wa hoja na ukweli wa kauli zake tangulizi. Hoja ni halali ikiwa haiwezekani kauli tangulizi ziwe kweli na hitimisho liwe uongo; uhalali huo hausemi chochote kuhusu kama kauli hizo ni za kweli kwa hakika, sembuse kama ni za haki. Ni rahisi kulikariri jambo hili kwa ajili ya mtihani. Kulielewa kunahitaji mfano wenye watu ndani yake, na mfano huo ulitengenezwa London yenyewe, katika idara ya kompyuta ya Imperial College, South Kensington.

Mwaka 1975 Robert Kowalski alihamia Imperial kutoka Edinburgh, akiwa mmoja wa waasisi wa fikra kwamba mantiki yenyewe inaweza kuwa lugha ya kuandikia programu. Badala ya kuieleza mashine hatua za kufuata, mwandishi huieleza yaliyo kweli na kanuni zinazoyaunganisha, kisha huiuliza swali, na mashine hutafuta uthibitisho. Lugha ya kwanza mashuhuri ya namna hiyo, Prolog, ilikuwa imebuniwa Marseille, Ufaransa, mwaka 1972. Kowalski na wenzake watano, wa kwanza kwa orodha akiwa Marek Sergot, walichapisha mwaka 1986 makala iliyoonesha jinsi Sheria ya Uraia wa Uingereza ya mwaka 1981 inavyoweza kuandikwa kama programu ya mantiki. Kanuni ya kwanza ya sheria hiyo, kwa maneno ya Kiswahili, inakaribia kuwa hivi: mtu ni raia wa Uingereza ikiwa alizaliwa Uingereza, na alizaliwa baada ya sheria kuanza kutumika, na ana mzazi, na mzazi huyo, wakati wa kuzaliwa kwake, alikuwa raia wa Uingereza au mkazi wa kudumu. Sheria ilianza kutumika tarehe 1 Januari 1983, na mkazi wa kudumu ni mtu anayeishi Uingereza kwa kawaida bila kuwekewa ukomo wa muda na sheria za uhamiaji.

Kanuni hiyo hupendeza kwa usafi wake, lakini usafi huo hutoweka mara tu mashine inapouliza mzazi ni nani. Neno mzazi linaelekeza kwa baba na mama, na katika kifungu cha 50, mbali kabisa na mwanzo wa sheria, ilielezwa kwamba mama ni mama wa kila mtoto aliyemzaa, lakini baba alihesabiwa kuwa baba wa mtoto wa ndoa tu, tafsiri iliyodumu mpaka tarehe 1 Julai 2006. Mtoto aliyezaliwa hospitalini London mwaka 1990, baba yake akiwa raia, mama yake akiwa mwanafunzi kutoka Kampala mwenye kibali cha muda, na wazazi hao wakiwa hawajaoana, hakuwa raia kwa kuzaliwa. Msomaji wa kawaida angepita juu ya neno baba bila kusita, kwa sababu anamjua baba. Mwandishi wa programu hana ruhusa ya kupita, kwa kuwa kila neno asilolifafanua mashine hulihesabu kuwa halipo, na kwa njia hiyo kuiandika sheria kwa mantiki hugeuka kuwa njia kali kuliko zote ya kuisoma.

Kifungu kidogo kinachoifuata kanuni ile ya kwanza ndicho kinachostahili kufundishwa kwa muda mrefu zaidi. Kinamhusu mtoto mchanga aliyeokotwa nchini Uingereza akiwa ametupwa, na kinasema kwamba, isipokuwa kinyume chake kithibitishwe, mtoto huyo atachukuliwa kuwa amezaliwa Uingereza na mzazi mwenye sifa zinazotakiwa. Hapa sheria haisemi kwamba mtoto amethibitishwa kuwa raia; inasema kwamba kukosekana kwa uthibitisho wa kinyume kunatosha. Kanuni ya namna hiyo haimo katika mantiki ya kawaida, ambamo hitimisho likishafikiwa haliondolewi na taarifa mpya, kwa maana kauli tangulizi zikiongezwa, yaliyothibitishwa hubaki yamethibitishwa. Uraia wa mtoto yule, kinyume chake, unaweza kuondoka siku mama yake akijitokeza na cheti cha kuzaliwa cha nchi nyingine.

Chombo walichokitumia watafiti wa Imperial kuliandika jambo hilo kilielezwa mwaka 1978 na Keith Clark, wakati huo akiwa Queen Mary College, mashariki mwa London. Kinaitwa ukanushi kwa kushindwa: mashine hujaribu kuithibitisha kauli kwa kanuni zote ilizo nazo, na ikishindwa, huichukulia kauli hiyo kuwa si kweli. Nyuma ya chombo hicho kuna dhana ya ulimwengu uliofungwa, yaani dhana kwamba kila lililo kweli limekwisha kuandikwa katika kumbukumbu za mashine, na kwamba lisiloandikwa halipo. Methali ya Kiswahili isemayo asiyekuwapo na lake halipo inaieleza dhana hiyo kwa ukamilifu. Kuna mahali ambapo dhana hiyo ni sahihi kabisa. Ratiba ya treni isipotaja treni ya saa nane, ni halali kuhitimisha kwamba hakuna treni ya saa nane, kwa kuwa ratiba ilitungwa kwa nia ya kutaja treni zote. Lakini uhalali huo unatokana na ukamilifu wa ratiba, na si kila daftari ni ratiba.

Oktoba 26, 1992, huduma ya magari ya wagonjwa ya London ilihamia kwenye mfumo mpya wa kompyuta wa kuyapanga magari, mfumo ambao uliweza kufanya kazi vizuri pale tu taarifa zake kuhusu mahali na hali ya kila gari zilipokuwa karibu kamili. Hazikuwa kamili. Magari ambayo mfumo haukujua yalipo yalikuwa kwake kama hayapo, wito ulirundikana, na siku chache baadaye, Novemba 4, mfumo ulisimama kabisa kwa sababu kipande cha programu kilichosahaulika kilikuwa kikichukua kumbukumbu kidogo ya mashine kila mara bila kuirudisha. Inafaa kutajwa, japo kwa kupita, kwamba chuo kilekile cha Queen Mary ndicho ambako Peter O'Hearn, akishirikiana na Mmarekani John Reynolds, aliendeleza mwanzoni mwa miaka ya 2000 mantiki inayochunguza matumizi ya kumbukumbu ya namna hiyo, na kwamba kampuni ya London iliyotokana na kazi hiyo, Monoidics, ilinunuliwa na Facebook mwaka 2013.

Kwa watu wa Afrika Mashariki, hata hivyo, mfano wa uraia una kina ambacho makala ya 1986 haikukusudia kukifikia. Kenya ilipopata uhuru mwezi Desemba 1963, wakazi wengi wenye asili ya Asia walibaki na pasipoti za Uingereza, na walipoanza kuhama baada ya Kenya kudai vibali vya kazi kwa wasio raia mwaka 1967, bunge la London lilipitisha kwa siku chache tu sheria ya mwaka 1968 iliyoongeza sharti jipya: mwenye pasipoti hiyo aingie bila kizuizi ikiwa yeye mwenyewe, au mzazi wake, au babu au bibi yake, alizaliwa Uingereza au alipata uraia akiwa huko. Likitazamwa kama umbo, sharti hilo halitaji rangi ya mtu yeyote, na mashine ingeweza kulitumia kwa haki ya kimashine, bila upendeleo wala kosa. Likitazamwa pamoja na ukweli wa dunia, lilimfungulia mlango mjukuu wa mlowezi wa Nakuru na kumfungia mjukuu wa mwenye duka wa Kisumu. Tume ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliona mwaka 1973 kwamba ubaguzi huo ulifikia kiwango cha kudhalilisha utu. Sheria ya 1981 nayo iliwaacha baadhi ya watu hao katika daraja la raia wa ng'ambo, lisilo na haki ya kuishi Uingereza, na wasiokuwa na uraia mwingine walipewa haki ya kusajiliwa kuwa raia kamili kwa sheria ya mwaka 2002 tu. Hoja zilikuwa halali katika kila hatua. Kasoro ilikuwa katika kauli tangulizi, na mwanafunzi aliyefundishwa kutenganisha hayo mawili hawezi kumwambia mtu aliyezuiwa katika uwanja wa ndege wa Heathrow kwamba kompyuta imekataa, akadhani amemjibu.

Upo pia mfano ambamo kanuni yenyewe ilikuwa upande wa mtu na bado akapotea. Sheria ya Uhamiaji ya mwaka 1971 iliwalinda raia wa nchi za Jumuiya ya Madola waliokuwa wamekaa Uingereza kabla ya tarehe 1 Januari 1973, lakini mzigo wa kuthibitisha uliwekwa juu ya mtu mwenyewe, na mwaka 2010 Wizara ya Mambo ya Ndani iliharibu kadi za kuingilia nchini ambazo zingeweza kuwasaidia baadhi yao. Ilipofika mwaka 2018 ilijulikana wazi kwamba watu walioingia wakiwa watoto, wengi wao kutoka visiwa vya Karibi, walikuwa wamefukuzwa kazi, wamenyimwa matibabu, na wengine wamehamishwa nchi, kwa sababu hawakuweza kuonesha karatasi. Hakuna aliyethibitisha kwamba hawakuwa na haki. Ilishindikana tu kuthibitishwa kwamba walikuwa nayo, na kushindwa huko kukahesabiwa kuwa ukanushi, katika daftari ambalo wenye kulitunza walikuwa wamelipunguza kwa mikono yao.

Uzito wote wa somo unakutana katika kesi za mawakala wa posta, yaani wafanyabiashara wadogo walioendesha matawi ya posta kwa mkataba, wakiwamo wengi wenye asili ya Asia. Mfumo wa hesabu wa kompyuta ulioitwa Horizon ulianza kuwekwa katika matawi hayo mwaka 1999, na kwa miaka iliyofuata ulionesha upungufu wa fedha ambao mawakala hawakuweza kuueleza. Zaidi ya watu 900 walitiwa hatiani kwa wizi, udanganyifu au hesabu za uongo. Hapo awali sheria ya ushahidi ya mwaka 1984 ilimtaka anayeleta taarifa za kompyuta mahakamani aoneshe kwamba kompyuta ilikuwa ikifanya kazi sawasawa. Sharti hilo lilifutwa na sheria ya mwaka 1999, na tangu hapo mahakama huchukulia kwamba mashine ilikuwa sawa isipokuwa pawepo na ushahidi wa kinyume. Mwezi Desemba 2019 Mahakama Kuu mjini London iliamua kwamba Horizon ilikuwa na hitilafu zilizoweza kusababisha upungufu huo. Aprili 2021 Mahakama ya Rufani, katika jengo lililoko mtaa wa Strand hatua chache kutoka King's College ambako mantiki hufundishwa, ilifuta hukumu za watu 39 kwa siku moja. Na mwaka 2024 bunge lilifuta nyingi kati ya hukumu zilizobaki kwa sheria maalumu.

Mwanafunzi anayeziweka kando kwa kando kanuni ya mtoto aliyeokotwa na kanuni ya kompyuta mahakamani ataona kwamba umbo ni moja: jambo fulani lichukuliwe kuwa kweli, isipokuwa kinyume chake kithibitishwe. Kwa hiyo umbo halitoshi kueleza kwa nini ya kwanza ni ya rehema na ya pili iliharibu maisha. Tofauti iko katika swali la nani angeweza kuuleta ushahidi wa kinyume. Mtoto mchanga hawezi kuleta chochote, na sheria ikauegemeza mzani upande wake, ikiiacha dola, yenye nguvu ya kuchunguza, itafute ushahidi ikitaka. Wakala wa posta naye hakuweza kuleta chochote, kwa kuwa kumbukumbu za hitilafu zilikuwa mikononi mwa shirika la posta lililomshtaki na kampuni iliyoutengeneza mfumo, lakini kwake mzani uliegemezwa upande wa pili. Januari 2025 Wizara ya Sheria ya Uingereza ilianza kukusanya maoni juu ya kama kanuni hiyo ya mahakamani ibadilishwe, na kwa namna gani. Swali hilo, likiandikwa kwa lugha ya darasani, linauliza kauli ipi ichukuliwe kuwa kweli pale pasipo uthibitisho, ushahidi wa kuivunja umo katika daftari la nani, na kama anayetakiwa kuuleta ameruhusiwa kulifungua.